Mama Ratiba na Ukumbi Mkubwa

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la utumishi tu. Kila mtu pale chuoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kitivo, alimwita Mama Ratiba, na yeye mwenyewe alipopokea simu alisema, "Mama Ratiba hapa, nani mwenzangu?"

Aliajiriwa kama mpiga chapa katika Kitivo cha Sayansi. Mwaka wake wa tatu kazini, mhadhiri aliyekuwa akipanga ratiba ya vipindi alipata nafasi ya kwenda kusoma nje, akaondoka wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa. Aliacha kabrasha la karatasi zilizofutwafutwa mpaka zikatoboka. Mama Ratiba aliambiwa azipige chapa. Alipozisoma aliona mwalimu mmoja kapangiwa vyumba viwili saa ile ile, na darasa la kemia ya vitendo limepelekwa chumba kisicho na bomba. Hakumuuliza mtu. Alikaa na karatasi zile siku nne, akazipanga upya, akazipiga chapa na kuzibandika. Muhula ulifunguliwa na hakuna aliyekuja kulalamika. Kuanzia hapo kazi ikawa yake, na aliifanya kwa miaka kumi na tisa.

Ofisini kwake kulikuwa na ubao uliofunika ukuta mzima, umevishwa kitambaa cha kijani na kujaa pini. Siku zilikwenda kwa upana, saa zilishuka kwa urefu, na kila kipindi kilikuwa na kadi yake: njano kwa fizikia, nyeupe kwa hisabati, buluu kwa kemia, na kadhalika. Lakini mambo makubwa hayakuwa kwenye kadi. Alijua mhadhiri gani ni mjane na lazima awe huru saa saba akamchukue mwanawe shuleni. Alijua wawili ambao hawasalimiani, kwa hiyo mmoja asitoke chumba ambacho mwenzake anaingia. Alijua chumba kipi huvuja na kipi hupigwa na jua la saa tisa mpaka wanafunzi wanasinzia. Mwalimu akiwa na shida, alisukuma mlango na kusema, "Mama, nisaidie," na kabla hajamaliza kueleza, Mama Ratiba alikuwa ameshachomoa pini mbili na kuzibadilisha mahali.

Na kulikuwa na Ukumbi Mkubwa. Ulikuwa na viti mia tatu, vipaza sauti na feni zinazozunguka kweli. Ulijengwa kwa ajili ya chuo kizima, ila ulisimama ndani ya uwanja wa Sayansi, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha Mama Ratiba. Kila muhula aliuandikia kadi siku zote tano, asubuhi na mchana, hata pale ambapo hakukuwa na darasa kubwa la kuuingia. Huenda mtihani wa ghafla ukatokea, au mgeni akaja kutoa mhadhara. Vitivo vingine vilipoomba, alijibu kwa upole kwamba umejaa. Mkuu wa kitivo, profesa wa miamba, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliwahi kumsifu mbele ya wenzake: "Wengine wana fedha. Sisi tuna Mama Ratiba."

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa majokofu, na binti wa mdogo wake, aliyekuwa anasomea ualimu mwaka wa pili pale pale chuoni. Binti huyo alikuja kukaa nao tangu alipofaulu, na alimwita Mama Mkubwa. Jioni alirudi amechoka, akavua viatu mlangoni na kukanda miguu.

"Leo tena umesimama?" Mama Ratiba alimuuliza siku moja.

"Tuko mia mbili na sitini, Mama Mkubwa. Chumba kina viti themanini. Wanaowahi wanakaa, waliobaki tunashika dirisha. Mimi leo nimepata dirisha la nyuma, namsikia mwalimu akigeukia huku tu. Akigeukia ubaoni, naandika ya kuotea."

"Basi utafaulu nusu," baba yake mkubwa, yaani yule fundi, alitania.

Binti alicheka kidogo. Mama Ratiba akasema, "Hicho kitivo chenu hakina mtu wa kuwapangia. Ingekuwa kwetu hilo lisingetokea." Aliyasema hayo akiwa anaamini kila neno.

Barua ilikuja mwisho wa mwaka, kutoka ofisi ya Msajili. Kuanzia muhula ujao ratiba za vitivo vyote sita zitapangwa Jengo la Utawala, katika mfumo mmoja wa kompyuta. Vitivo vitume orodha ya masomo, idadi ya wanafunzi na majina ya walimu. Funguo za kumbi zote zikabidhiwe kwa walinzi. Mkuu wa kitivo aliipinga barua hiyo katika vikao viwili, akashindwa. Mlinzi alikuja kuchukua ufunguo akiwa ameona haya, kama mtu aliyetumwa kudai sufuria kwa jirani.

Aliyepewa kuusimamia mfumo huo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye miwani. Wahadhiri walimpachika jina la Bwana Mfumo hata kabla hawajamwona.

Muhula ulipoanza, Kitivo cha Sayansi kilichanganyikiwa. Kemia ya vitendo ilirudi tena kwenye chumba kisicho na bomba. Yule mjane alipewa kipindi saa saba kila siku ya wiki. Na mwalimu wa hisabati ya mwaka wa pili, mzee mwenye goti bovu ambaye miaka yote Mama Ratiba alimweka chini, alipelekwa chumba namba 304, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

Zamani hayo yangemalizwa kwa pini mbili. Sasa kulikuwa na fomu. Mwalimu aliijaza, mkuu wa idara akatia sahihi, mkuu wa kitivo akatia sahihi, ikapelekwa Utawala na kusubiri zamu. Mama Ratiba aliijaza ya mzee wa hisabati kwa mkono wake, siku ya kwanza ya muhula. Siku kumi na mbili za kazi zilipita bila jibu. Mzee alikuwa akipanda ngazi kwa kushika ukuta, anapumzika kila baada ya ngazi nane.

Jumanne ya wiki ya tatu hakufika juu. Alipofika kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili goti lilikataa, akaketi palepale. Wanafunzi waliokuwa wakimsubiri juu walishuka, wakakaa kwenye ngazi chini yake, naye akafundisha nusu saa bila ubao, akichora hewani kwa kidole. Waliomwona walisema alifundisha vizuri. Mama Ratiba alipopata habari hizo hakuona chochote cha kusifu. Mzee alipita ofisini kwake baadaye, akaketi na kunyoosha mguu.

"Nimefundisha chuo hiki miaka thelathini na moja," alisema. "Leo nimekaa ngazini kama mtu anayesubiri kuhurumiwa."

Alhamisi, saa nane kasoro, Mama Ratiba alichukua karatasi mbili na kalamu nene. Ya kwanza aliandika: *Hisabati Mwaka wa Pili, Ukumbi Mkubwa, leo saa 8.* Ya pili: *Ualimu Mwaka wa Pili, chumba 304, leo saa 8.* Maana kwenye ratiba mpya Ukumbi Mkubwa ulikuwa wa Ualimu kila Jumanne na Alhamisi mchana. Alijua chumba 304 kina viti tisini. Alijua pia Ualimu wako wengi, ingawa hakujiuliza ni wangapi. Alijiambia moyoni kwamba wale wamezoea. Akamwomba mlinzi afungue mapema, akabandika karatasi moja kwenye mlango wa ukumbi na nyingine chini ya ngazi, akarudi kwenye chai yake. Mzee alifundisha ameketi, kipaza sauti mkononi, na alipomaliza alikuja kumshukuru.

Jioni ile binti alifika nyumbani, akala, akakusanya vyombo, akaviosha. Fundi alikuwa bado kazini. Ndipo binti akarudi mezani na kuketi.

"Mama Mkubwa, wiki mbili na nusu hizi sijasema, ila nilikuwa na furaha. Tulipata ukumbi wenye viti. Mwalimu anatumia kipaza sauti. Nimeandika daftari zima bila kuotea hata mstari."

"Nimeona," Mama Ratiba alisema. "Hujakanda miguu siku hizi."

"Leo tumefika tumekuta karatasi mlangoni. Tukapanda ghorofa ya tatu, wote mia mbili na sitini. Wengine walikaa kwenye ngazi. Kuna msichana tunasoma naye, mjamzito, alipanda akashuka hapo hapo, akaenda kwao. Mwalimu wetu akasema basi, tusome wenyewe. Wenzangu walikuwa wanaulizana nani kaandika. Mimi ule mwandiko naujua. Hiyo nane yako inayofanana na mafundo mawili, ndiyo uliyoandikia barua ya kumwomba baba aniruhusu kukaa hapa. Sikuwaambia."

Habari ya goti la mzee ilikuwa kweli, na Mama Ratiba akaieleza. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole yake," alisema. "Lakini mngemtafutia chumba kingine cha chini. Kwa nini mlichukua chetu?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakutafuta. Mkono ulikwenda kwenye Ukumbi Mkubwa kwa sababu miaka kumi na tisa mkono ulikwenda huko.

Asubuhi hakupitia ofisini kwake. Alikwenda moja kwa moja Jengo la Utawala, ghorofa ya chini, mlango wa mwisho. Alitarajia chumba cha mitambo inayong'aa. Alikuta meza mbili, ya Bwana Mfumo na ya msaidizi wake aliyekuwa hajafika, kompyuta mbili, simu inayolia bila kupokelewa, na masanduku sita ya fomu yamepangwa sakafuni. Bwana Mfumo alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama. Kama umekuja na fomu, naomba uiweke kwenye sanduku la kitivo chako."

"Marahaba. Sijaja na fomu. Ile karatasi ya jana kwenye Ukumbi Mkubwa niliibandika mimi."

Kijana alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nimepigiwa simu kumi na moja kuhusu karatasi hiyo," alisema. "Mkuu wa Kitivo cha Ualimu amenitukana mimi."

"Nimekuja uwaambie jina langu."

Badala ya kupiga simu, kijana alimvutia kiti, akamwonyesha kurasa alizotoa kwenye kompyuta. Kabla ya kuanza kazi alikuwa ameomba madaftari ya walinzi ya miaka minne, yale ya kuandika mlango gani umefunguliwa saa ngapi, akayaingiza yote. Ukumbi Mkubwa ulikuwa mtupu saa kumi na nne kwa wastani kila wiki.

"Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo?"

"Mimi ndiye."

"Na hapa kwenye ratiba za zamani umejaa siku zote tano."

"Nilikuwa naujaza mimi," alisema Mama Ratiba. "Kwa akiba."

Alikaa akizitazama zile saa kumi na nne. Kisha akauliza, "Na hiki chumba 304, unakijua?"

"Kina viti tisini."

"Vipo tisini. Ishirini na viwili havina migongo, na madirisha ya upande mmoja hayafunguki tangu yapakwe rangi. Na mwalimu uliyempeleka huko ana goti bovu."

"Mama, kwenye mfumo hakuna mahali pa kuandika goti. Ningejuaje?"

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia. Badala yake umebandika karatasi."

Walitazamana, wote wawili wakiwa wamechoka, halafu kijana akacheka kwanza. Alikuwa hajanywa hata chai. Mama Ratiba alituma iletwe, akalivuta sanduku la Sayansi na kuanza kuzisoma fomu moja moja. Zilikuwa sitini na moja. Alifanya kazi kwa kalamu na karatasi, akilinganisha fomu hii na ile, na kila alipopata jibu alimsomea kijana: huyu wa fizikia anataka asubuhi, huyu wa mimea anataka mchana, wako jengo moja, vyumba vinalingana, wabadilishane. Huyu mjane abadilishane na yule asiye na mtoto. Mzee wa hisabati aende chumba namba tano, chini, na wa takwimu apande 304, ana miaka ishirini na tisa, atapanda.

Kufikia saa nane mchana fomu arobaini na nane zilikuwa zimekwisha, na hakuna kitivo kingine kilichoguswa.

Bwana Mfumo alizihesabu mara mbili. "Kumbe hizi hazikuwa na haja ya kufika kwangu."

"Hazikuwa na haja."

"Na hizi kumi na tatu?"

"Hizo ni zako. Wote wanataka mahali ambapo na wengine wanapataka. Mimi nikiamua, nitajipendelea. Nimeshajipendelea miaka kumi na tisa."

Kijana aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, akampelekea Msajili. Wiki iliyofuata kikao kiliitishwa, na Mama Ratiba akaitwa aeleze habari ya arobaini na nane na kumi na tatu. Hakuwahi kuingia chumba kile cha vikao ila kupeleka chai. Safari hii aliwekewa kiti.

Mkuu wa Kitivo cha Sayansi alizungumza kwanza, kwa ile sauti yake ya taratibu. Alisema jaribio limeshindwa, kila kitivo kirudishiwe ratiba yake na kumbi zake, kwa kuwa kabla ya hapo Sayansi ilikwenda vizuri bila kumsumbua mtu. Kisha akamgeukia: "Mama Ratiba ni shahidi."

"Tulikwenda vizuri, mkuu," alisema. "Tulikwenda vizuri kwa sababu ukumbi ulikuwa mtupu na ufunguo ulikuwa kwangu. Walimu watarajiwa walikuwa wanashika madirisha."

Msajili alianza kutabasamu, na Mama Ratiba akamwona.

"Na wewe, bwana Msajili, samahani. Mwalimu wetu alifundisha kwenye ngazi kwa sababu fomu yake ilikaa siku kumi na mbili kwenye sanduku, kwa kijana mmoja na msaidizi wake. Hata mtu akitaka kubadilishana chumba na jirani yake wa mlango wa pili, lazima wamwombe mtu aliye upande wa pili wa chuo, ambaye hawajui wote wawili. Hilo nalo halifai."

Walibishana mpaka saa saba, wakakutana tena siku tatu baadaye. Mwisho ilikubaliwa kwamba kumbi na vyumba vyote vyenye viti zaidi ya mia moja vitapangwa Utawala, kwa idadi ya wanafunzi na si kwa uwanja jengo lilipo. Vyumba vidogo na maabara vikarudishwa vitivoni, na kila kitivo kikawa na mtu mmoja wa kubadilisha siku hiyo hiyo, kisha kumwarifu Bwana Mfumo kwa simu. Hakuna upande uliopata ulichotaka chote, na kila upande ulitoka ukinung'unika.

Mkuu wa kitivo alimsubiri kwenye veranda.

"Nilidhani uko upande wetu," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Mama Ratiba zaidi.

"Niko, mkuu. Lakini katika wale waliosimama dirishani mmoja ni mtoto wangu."

"Na kama asingekuwa mtoto wako?"

Angeweza kusema jambo zuri. Alifikiri, akasema la kweli. "Ningebandika karatasi nyingine wiki hii."

Mkuu alitikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakupita tena ofisini kwake. Alichokitaka alikiandika kwenye kipande cha karatasi na kumpa mhudumu. Wahadhiri wawili watatu nao wakaacha kusukuma mlango, wakaanza kubisha hodi. Mumewe alimwambia, "Wanakubishia hodi? Basi umepanda cheo." Hakucheka. Mambo hayo yalimuuma miezi mingi, maana wale ndio waliokuwa watu wake.

Utawala walimwomba ahamie kwao moja kwa moja, akakataa. Walikubaliana awe kitivoni asubuhi, na mchana awe na Bwana Mfumo. Alimshauri kijana aongeze safu moja kwenye mfumo, ikaitwa "Maelezo," na ndani yake watu wa vitivo wakaanza kuandika mambo ya magoti, madirisha na bomba. Kitivo cha Kilimo waliandika kwamba chumba chao cha pili kina nyuki. Yeye naye alijifunza kuusoma ukurasa wa saa zilizo tupu, na mara nyingi aliufungua kabla ya jambo lolote.

Mwaka wa masomo uliofuata, Jumatatu ya kwanza ya muhula, bomba kubwa lilipasuka jengo la kemia na maji yakajaa ghorofa nzima ya chini. Madarasa tisa hayakuwa na mahali pa kwenda. Mama Ratiba aliyagawa: matano yaliingia vyumba vya Sayansi kwa kubanana, akapiga simu Utawala, na Bwana Mfumo akapata nafasi nne katika vitivo vingine. Saa nne asubuhi kila darasa lilikuwa limeketi mahali, isipokuwa moja, lililokuwa bado limesimama uwanjani na mwalimu wake.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa mkuu wa kitivo mwenyewe, suruali imelowa mpaka magotini, kwa maana darasa lile lilikuwa lake. Ilikuwa miezi minane tangu aingie humo.

"Mwaka wangu wa tatu wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Kilimo, chumba namba sita. Piteni mlango wa nyuma, wa mbele wameufunga."

"Namba sita," alirudia mkuu. Alisimama kidogo, akautazama ubao wa kijani, ambao sasa ulikuwa umebaki na kadi kama nusu. "Saa ngapi tunatoka?"

"Saa sita kamili. Saa sita na robo wanaingia wenyewe."

"Haya," alisema, akatoka haraka kuwaita wanafunzi wake.